Mafuta ya langilangi: ununue daraja gani?

Chupa mbili za mafuta ya langilangi zaweza kutoka kwenye mti mmoja na mtambo mmoja, siku ileile, na bado bei zikapishana sana. Siri iko kwenye saa. Maua ya manjano huchumwa asubuhi na mapema, yakapitishiwa mvuke kwa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya 18, na mafuta hukingwa kwa awamu: yanayotangulia ni Ekstra, kisha daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ndivyo yanavyouzwa ya Komoro na ya Nosy Be kule Madagaska, ingawa mti wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki.

Namba moja kwangu ni mafuta kamili, yasiyogawanywa. Yanaanza na utamu, yanamalizia na harufu ya mbao, kwa hiyo hata ukiyapaka bila kuchanganya na manukato mengine hayapwayi. Muulize muuzaji kama yamekingwa mfululizo au ni madaraja yaliyochanganywa baadaye. Mengi ni ya kuchanganywa, na pua huijua tofauti.

Ekstra naiweka ya pili, na najua wengi watabisha. Ndiyo kipenzi cha watengeneza manukato. Mmoja wao, Ernest Beaux, aliitumia langilangi katika manukato ya Chanel No. 5 mwaka 1921. Inang'aa, inakaribia yasmini, ila ina kaukali kama ka dawa ambako peke yake huchosha. Inunue kama unachanganya na waridi au msandali.

Daraja la tatu ni la sabuni na mishumaa: zito, la bei rahisi, harufu yake haikimbii upesi. La kwanza na la pili nayaruka.

Mwisho kabisa ni kananga ya Java. Ni mafuta ya mti ulio ndugu wa karibu wa langilangi, si bandia, mradi lebo iseme hivyo. Niliwahi kuuziwa kwa jina la langilangi. Chupa hiyo imeishia kwenye ndoo ya kudekia.

Daraja lolote ulilochagua, matone 2 yanatosha kwa mililita 10 za mafuta ya kubebea (mafuta ya kawaida ya kuzimulia, kama ya nazi), maana langilangi huwasha baadhi ya ngozi na ikizidi huumiza kichwa. Kabla ya kulipa, dondosha tone kwenye karatasi, nenda zako, urudi kuinusa baada ya saa mbili.