Uzoefu wangu: msako wa historia ya maigizo Lamu, tulienda na darasa zima

Walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili na nyie wa vilabu vya drama, nimeulizwa na watu kadhaa kama ule msako wa historia ya maigizo pale Lamu mji wa kale unafaa kupelekea wanafunzi ama ni njia nyingine ya kula hela za wazazi. Mimi nasema wapelekeni, unafaa sana, ila kuna mambo lazima muyapange na wahusika mapema kabla hamjalipa na nitayasema hapa bila kuficha.

Sisi ni shule ya Malindi na niliowapeleka ni kidato cha tatu. Nyote mnajua fasihi simulizi ya karatasi ya tatu inavyosomwa, watoto wanakariri miviga yaani sherehe za kimila, ngomezi, vivugo, ulumbi, malumbano ya utani, wanamwaga sifa tano tano kwenye karatasi halafu ukimuuliza mmoja wao ameona wapi hata kimoja cha hivyo vitu anakutolea macho. Na ukisema maigizo akili yao yote inaenda kwa ukumbi, pazia, mataa, viti vya mistari, kama ule ukumbi wa taifa wa Nairobi uliofunguliwa 1952. Lamu hakuna kitu kama hicho. Ndo maana nikavutiwa niliposikia kuna vijana wa pale mjini wanafanya msako wa historia ya maigizo, nikajiuliza watasaka nini sasa, kumbe jibu ni mji mzima.

Unavyoenda ni hivi. Darasa linagawanywa vikundi vya watu watano sita, kila kikundi kinapewa kijitabu na ramani iliyochorwa kwa mkono, mmoja anakua na simu, halafu vidokezo vinaingia kimoja kimoja, mpaka ujibu cha kwanza ndo unapata cha pili. Kila kidokezo kinakupeleka mahali ambapo watu wa Lamu walikua wanacheza ama kuimbiana ama kushindana mbele ya kadamnasi, na ukifika haitoshi kujibu tu, lazima ufanye kitu, muulize mtu, chora, ama kikundi kiigize kwa dakika moja mbele ya kijana anayewangoja pale. Vidokezo vyenyewe vimeandikwa kama vitendawili na kwa kweli aliyeviandika anakijua Kiswahili, hakuna kile Kiswahili cha kubahatisha tulichozoea kwenye vipeperushi vya watalii.

Nianze na siwa, lile baragumu kubwa la zamani, maana hapo ndo darasa langu liliamka. Kidokezo kilisema "nna mdomo lakini sipulizwi mdomoni". Vikundi vikafika makumbusho ya pale forodhani, siwa ziko pale, ile ya Pate ya pembe za ndovu ambayo inazidi kimo cha mtu na ile ya Lamu ya shaba, watoto wakakimbilia ncha kutafuta pa kupuliza na hawapaoni. Msichana mmoja akapiga magoti kabisa akawa anaipitia kwa macho kuanzia chini polepole, mara akapiga ukelele, tundu liko ubavuni! Halafu swali la pili likawa gumu zaidi, nani alikua na ruhusa ya kuitoa? Hapo wakapelekwa wakamuulize mtu wa makumbusho, akawaeleza siwa haikua ya kuchezea, ilikua alama ya dola, inatolewa kwenye shughuli kubwa, harusi za wakubwa, tohara, kutawazwa kwa mtawala, na kama huna haki hiyo hata uwe na pesa vipi hupuliziwi. Miviga nimeifundisha miaka yote ubaoni lakini sijawahi kuona mtoto ameelewa kwamba kifaa kimoja kinaweza kuwaambia watu wote mtaani nani ni nani kabla hata neno halijasemwa.

Kutoka hapo mnaingia Mkunguni, ule uwanja mbele ya ngome. Wazee wanakaa pale kivulini na kidokezo kinakutaka umtafute mtu akueleze kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, watu wawili ndani ya duara na ngoma na zumari zinalia. Kikundi cha vijana wangu wakamfikia babu mmoja wakiwa wanahema, hata salamu hawajamaliza, akawaambia, "Mwendapi na mbio hizo wanangu? Kaani kitako kwanda." Wakakaa. Alipomaliza kuwasikiliza akainuka na bakora yake, akamsimamisha kijana mmoja, akausogeza mguu wake wa kushoto nyuma kwa ncha ya bakora, kisha akamrekebisha na bega, akamwambia usiangalie fimbo, mwangalie mtu mato, fimbo utaisikia. Yaani yule kijana darasani hakai dakika mbili bila kugeuka lakini pale alisimama wima anasikiliza. Babu akawaeleza pia tofauti na goma, kwamba goma halina pupa, wanaume wanapanga mstari na kanzu zao na fimbo mkononi wanayumba taratibu pamoja, na kwamba anayecheza goma vibaya anaonekana kutoka mbali. Hii ndo sehemu bora ya huduma nzima kwa maoni yangu, pale ambapo jibu haliko kwenye simu wala kwenye kibao cha ukutani, liko kwa mtu, na ukitaka akupe lazima ujue kukaa na watu.

Ndani ya ngome napo kuzuri. Ilimalizika kujengwa 1821, baada ya vita vya Shela, halafu kutoka 1910 mpaka 1984 ilikua jela, sasa iko chini ya makumbusho ya taifa na ua wake hutumika kwa shughuli za mji. Wao wameitumia kwa mambo mawili. La kwanza ni malumbano. Zile siasa za Amu na Mvita, yaani Lamu na Mombasa, wakati wa vita vya Shela hazikupiganwa kwa silaha peke yake, washairi nao walikua vitani, Muyaka bin Haji upande wa Mombasa na Zahidi Mngumi upande wa Lamu, basi darasa likakatwa mbili, nusu Mvita nusu Amu, mnapewa muda mfupi mtunge beti za kujibizana na kuzitamka uani kwa sauti ya kufika ukuta wa pili. Beti nyingi zilikua mbovu, mizani imevunjika, lakini kulikua na mmoja alijibu hapo hapo bila kuandika na darasa lote likapiga kelele. La pili ni Liongo. Mnaingizwa kwenye chumba kilichokua cha wafungwa, mnaambiwa Fumo Liongo, yule shujaa wa masimulizi, hakufungwa hapa, kisa chake ni cha Pate, lakini hebu fikirini mko ndani na nje mnasikia ngoma ya gungu inachezwa na mkate wa mama umeletwa na tupa ndani yake, mtatokaje? Watoto wangu walikua wanajua kisa lakini hawakuwahi kufikiria kwamba ile ngoma haikua ya starehe, makelele yake ndo yalifunika sauti ya tupa aliyokua anakatia pingu. Wakaigiza, nusu wanapiga makofi na kuimba nje, nusu ndani wanakereza, na kila nyimbo ikishuka wa ndani wanaacha. Hicho kituo peke yake kina mtihani mzima wa dhima ya nyimbo katika maigizo.

Sasa malalamiko. La kwanza na kubwa, pointi za kasi. Kikundi kinachomaliza kwanza kinapewa pointi za ziada na hilo linaharibu kila kitu kizuri nilichosema hapo juu. Vichochoro vya Lamu mnavijua, punda wana mizigo ya mchanga na mawe, watu wamekaa barazani, akina mama wanapita, halafu kundi la watoto wa shule linapita mbio bila assalaam aleikum. Ni aibu kwa shule na ni kuwavunjia heshima wenye mji. Mimi nilisimamisha mchezo katikati, nikawaambia hakuna pointi za kasi tena, na kuanzia hapo majibu yao yakawa marefu na mazuri zaidi. Ombeni ziondolewe kabla hamjaanza.

La pili, wanawake. Lamu ina vugo, ile ngoma ya harusi, wanawake wanatembea mtaani wanapiga pembe kwa vijiti na kuimba, ina lelemama, ngoma ya wanawake, na vyama vyake vilivyokua vikishindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo, na vyote hivyo vimepewa kidokezo kimoja tu! Kikundi cha wasichana kilimpata bibi mmoja mtaa wa Langoni akawapigia vugo na kuwaimbia mlangoni kwake mpaka majirani wakatoka, wakabaki pale wakachelewa vidokezo vyote vilivyofuata na mimi sikuwakatia hata pointi moja. Nusu ya maigizo ya huu mji iko ndani ya nyumba na kwenye harusi za wanawake, wangepewa hata vidokezo vitatu vinne, na wawe na mwanamke wa kuongoza wasichana.

La tatu ni Maulidi. Kidokezo cha msikiti wa Riyadha kilikua kimeandikwa kama vile Maulidi ni onyesho la jukwaani, na wanafunzi wangu wengine ambao si Waislamu wakachukua hivyo. Maulidi ni ibada. Habib Swaleh aliyeanzisha Riyadha, akafariki 1935, hakuwa anatafuta watazamaji, alikua anafundisha dini na kumswalia Mtume, na hata zefe, yale maandamano, na matari yana adabu zake. Ni kweli siku za Maulidi mji unajaa, goma linachezwa nje, kirumbizi kipo, kuna mashindano ya punda na majahazi, na hayo ya nje ndo mwanafunzi anaweza kuyaangalia kama sanaa ya mbele ya watu. Niliwaeleza wahusika wakanisikiliza vizuri, wakasema watabadilisha maneno, lakini mwalimu ukienda soma kidokezo hicho kwanza wewe mwenyewe.

Mambo madogo madogo: mtandao unakata vichochoroni katikati ya nyumba za mawe, vidokezo vinachelewa kuingia, kwa hivyo waambieni wawachapishie vyote kwenye karatasi ndani ya bahasha. Kiingilio cha makumbusho na ngome hakimo kwenye ada yao, kinalipwa kwa eCitizen, lipieni mkiwa bado Malindi msije mkapanga foleni na watoto juani. Boti za kuvukia kutoka Mokowe zihesabiwe kwenye bajeti. Ijumaa msiende kabisa, na siku nyingine hakikisheni ratiba inasimama wakati wa swala. Mavazi ya heshima, hilo sina haja ya kueleza. Siku moja haitoshi, ukijumlisha njia ya Garsen na Witu watoto wanafika wamechoka, laleni ndo muanze asubuhi.

Kwa jumla nimewapa nyota nne, ya tano wataipata wakiondoa zile mbio.

Na ombi langu kwa hao vijana, fanyeni na wa Malindi. Watu wanadhani kwetu ni mnara wa Vasco da Gama na hoteli tu. Aprili 1498 mfalme wa Malindi alipotoka kukutana na huyo Mreno alitoka na wapiga tarumbeta na siwa mbili za pembe za ndovu, hayo wameyaandika Wareno wenyewe, sasa mtoto aliyepiga magoti mbele ya siwa Lamu akisimama pale mnarani atakua na maswali tele. Na 1913 Mekatilili wa Menza, yule shujaa wa Wagiriama, alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wanakusanyika kuangalia halafu anawaambia wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi. Kama hiyo si nguvu ya maigizo sijui ni nini. Mimi niko tayari kusaidia kuandika vidokezo bila malipo, cha kwanza nimeshakitunga, kinaanzia kwenye sanamu yake pale bustanini mjini.