Kozi ya Kiarabu cha kale: miendo wamepatia, maumbo wamelipua

Nimemaliza juzi kozi moja ya mtandaoni ya msamiati wa Kiarabu cha kale, wiki sita, vipindi laivu usiku kwa simu. Mi Kiarabu changu ni cha madrasa, kusoma nasoma ila maana napapasa, sasa kilichonivuta ni mada ya maumbo ya watu na miendo yao, wameitoa kwenye Fiqhu l-Lugha, kitabu cha msamiati cha Thaalibi, yule wa Naisaburi aliyefariki 1038.

Miendo jamani raha tupu. Mtoto anayetambaa ni habw, akianza kudemadema ni darajaan, kijana anayetembea huku anajitikisa damu inamchemka ni khataraan, anayeruka kwa mguu mmoja hajalaan, na mwenye pingu miguuni ni rasafaan. Hapo mwalimu akatukumbusha Abu Jandal, yule Mwislamu aliyetoroka kifungoni Makka, alivyoingia kwenye mapatano ya Hudaybiya mwaka wa 6 Hijria, hadithi inasema yarsufu fii quyuudihi, yaani anajikokota na pingu zake, kisa nimekisikia msikitini miaka yote lakini usiku ule ndo kama nikasikia na chuma kinavyoburuzika.

Halafu kuna daliif, mwendo wa mzee, taratibu na hatua zimekaribiana. Kesho yake niko barazani namuona babu anarudi swala ya alasiri, kandambili haziinuki chini, kila hatua haizidi urefu wa kandambili yenyewe. Sisi tuna kujikongoja, ila babu hajikongoji bwana, mkongojo hana na hayumbi, anaenda tu kivyake. Nikamwambia babu mwendo wako una jina, daliif. Kaniuliza linaliwa?

Sasa maumbo ndo waliponiudhi. Slaidi mbili mbiombio, tawiil, tuwaal, shawdhab, ashannaq, mbele yake wameandika mrefu, mrefu, mrefu, mrefu sana. Wakati Thaalibi kazipanga ngazi kwa ngazi, na ukifika ashannaq urefu ushakuwa wa kusemwa vibaya! Nimeuliza kwenye chati naambiwa tutarudi, hawakurudi. Nikaenda mwenyewe kwenye hadithi ya Ummu Zar'i, imo kwa Bukhari na Muslim, wanawake 11 wamekaa kuwaeleza waume zao, wa tatu anasema mume wangu ni ashannaq, nikisema naachwa, nikinyamaza naning'inizwa. Ukitafsiri "mume wangu mrefu" si utadhani anamsifia, na mwenzako yuko kwenye kulia? Bora wangeandika njorinjori tu.

Na PDF zao hazina irabu, kwa maneno kama haya ambayo hata mwenye lugha huyasikii mdomoni siku hizi. Hiyo ashannaq nimeisoma "ushnuq" wiki nzima, tena kwa sauti, mbele ya darasa.

Nawapa tatu kwa tano. Kama Kiarabu chako ni cha kuanzia kabisa usijisumbue, utapotea wiki ya kwanza. Nimelipa elfu arobaini, na rekodi zinafutwa baada ya mwezi, kwa hiyo mkijiunga shusheni mapema, hasa ile ya miendo.