TAHADHARI: Huyu "fundi mwenye gereji Moshi" anayenunua spea ni tapeli, wauza mtumba wa Tanga kaeni chonjo

Wauza spea za mtumba wote mlioko Tanga mjini, Muheza, Korogwe mpaka Hale huko, someni hii na mpeleke kwenye magrupu yenu. Kuna mtu anajiita fundi, eti ana gereji Moshi. Hana gereji, na Moshi kwenyewe sidhani kama anakaa. Ni mwizi. Tena mwizi mpole, sauti ya kiustaadhi, kila sentensi "inshallah bosi wangu". Kanilia giaboksi, kontrol boksi (ile kompyuta ya injini), taa mbili za mbele na hela taslimu juu yake, na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Sina cha kuficha maana mtaa mzima washajua. Vijana wa gereji sa hivi wananiita Imethibitishwa. Napita zangu nasikia "Imethibitishwa, vipi, salio limesoma?" halafu kicheko. Sawa chekeni, zamu yenu ipo njiani.

Ile Toyota IST ya shemeji mnaijua, iliyopata ajali kule Kabuku. Tukakubaliana na shemeji tuichinje tuuze spea maana mbele ilikuwa nzima kabisa, hata bampa halina mkwaruzo. Injini iliondoka mapema, kaichukua dereva teksi wa Makorora, kalipa mkononi, tukaagana vizuri. Ikabaki giaboksi na vingine. Nikapiga picha nikaweka mtandaoni: giaboksi ya IST ya injini ya 2NZ, otomatiki, tuu wili (inayovuta magurudumu mawili), laki saba maongezi yapo, kontrol boksi laki na nusu, taa zote mbili laki tatu.

Wakaja wa kawaida wale wa "bei ya mwisho ngapi" halafu kimya. Huyu yeye hakuanza na bei. Alianza na maswali. Akaniuliza bodi ni NCP60 au 65, yani tuu wili au fowili (ya magurudumu manne), maana anasema giaboksi ya fowili haiingii kwenye tuu wili na alishawahi kuuziwa kimakosa akala hasara. Akataka picha ya kibati cha giaboksi, nikamtumia, akasema sawa hiyo U340E ndo yenyewe ninayoitafuta. Kwenye kontrol boksi akataka namba ya kwenye stika, inayoanza na 89661, akasema anaenda kulinganisha na ya mteja wake, akakaa kama nusu saa ndo akarudi na jibu. Sasa niambieni nyie mnaocheka, mtu anajua mpaka namba ya kontrol boksi ya Toyota inaanzaje, utamshuku kwa lipi? Fundi wangu mwenyewe hapa Ngamiani, na nampenda, hiyo namba haijui.

Halafu akaleta habari ya machungwa, na hapo ndo alinimaliza. Akasema wala nisihangaike kwenda stendi ya Kange kutafuta basi la kutuma mzigo, yeye na mdogo wake wana biashara ya machungwa na kuna gari lao linakuja Muheza kupakia, atamwambia kijana ateremke na kirikuu (kale kapikapu kadogo) mpaka mjini achukue mzigo, hela atanitumia mzigo ukiwa unapakiwa. Msimu ndo huu, nyote mnaona Muheza yalivyojaa magari ya machungwa, kwa hiyo stori yake ilikaa. Na sisi watu wa Tanga ndivyo tunavyoishi, kila siku tunatumiana mizigo na watu tusiowajua sura, Dar, Arusha, Babati, unampa kondakta anaandika jina juu ya boksi mzigo unafika. Ningekuwa namkagua kila mteja kama mtu wa uhamiaji pale Horohoro ningeuza lini?

Sasa sikilizeni siku yenyewe ilivyokwenda.

Alasiri, jua bado kali, kirikuu hiyo hapo. Dereva kijana mtaratibu, ana kofia, kashuka kasalimia watu wote mpaka bibi wa vitumbua. Nilikuwa nimeshamwaga oili ya giaboksi kwenye dumu ili isichafue, nimefunga kwa gunia na mpira, taa nimezizungushia godoro kuukuu zisivunjike. Yani mtu anaibiwa huku anafungasha vizuri! Mikono yangu yote oili, simu kashika dogo. Fundi wa Moshi anapiga, dogo ananiwekea simu sikioni, "bosi wangu kijana kafika? Basi natuma sasa hivi inshallah." Dakika haijaisha meseji ikalia, dogo akaisoma kwa sauti mbele ya watu: Imethibitishwa. Umepokea Tsh 1,450,000. Jina la mtumaji lipo, tarehe ipo, saa ipo, namba ya muamala ndefu ipo, salio jipya lipo. Ndo mpangilio uleule tunaouona siku zote. Watu wakapiga makofi kabisa, mmoja akasema leo soda.

Kabla sijasema neno akapiga tena. Anacheka. "Bosi wangu samahani, nimezidisha laki tatu makusudi, hiyo ni ya kijana, ana mafuta na kuna ushuru wa machungwa anatakiwa alipe leo leo, simu yake imezima chaji, naomba umpe mkononi." Mimi laki tatu mkononi nitoe wapi? Nikaingia ndani. Wanaonijua wanajua mama watoto ni mweka hazina wa kikoba chao. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nikatoka nikamhesabia kijana noti moja moja, akanishukuru kwa mikono miwili. Giaboksi tukaibeba mimi na dogo tukaiweka kwenye kirikuu, nikamwelekeza mpaka namna ya kuilaza isivuje. Nikampa na maji ya kunywa. Maji ya baridi!

Nikaoga, nikavaa, nikaenda kwa wakala nitoe hela nirudishe ya watu kabla mama watoto hajatoka sokoni. Nikamwambia toa laki tano kwanza. Salio halitoshi. Nikamwambia jaribu tena, mtandao huo. Salio halitoshi. Foleni nyuma yangu imeshaanza kuguna. Dada wa watu akaniomba simu, akaitazama meseji, akanyanyua macho akaniangalia vile mnavyomwangalia mtu aliyefiwa akiwa hajaambiwa. "Kaka, hii imetoka kwenye namba ya mtu."

Ndo hivyo. Ni meseji ya kawaida mtu kaandika mwenyewe kwa vidole vyake, kaigiza maneno ya mtandao, kanitumia kwa namba ya laini nyingine. Meseji ya kweli ya hela juu inaandika jina la huduma ya mtandao wako, ikitoka kwenye tarakimu kumi za mtu hiyo sio hela ni hadithi. Na salio jipya ndani yake lilisoma kama milioni moja na laki sita, mimi kwenye simu hela sikai nayo, nilikuwa na vielfu vya vocha tu. Dogo hakusoma mpaka huko, alipofika kwenye milioni akapaza sauti.

Nikapiga ile namba, inaita inakatwa, halafu haipatikani. Tukachukua boda na dogo tukaifukuza barabara ya Pongwe mpaka Muheza mjini, hakuna kirikuu. Na ukishavuka Muheza ukafika Segera mzigo una njia mbili, kushoto Chalinze na Dar, kulia Korogwe na Moshi, utamfuata wapi? Picha nimepiga za mzigo ukiwa kwenye gari, nzuri kweli, pleti namba ya gari haipo hata kwenye moja.

Dereva alipatikana, maana vijana wa stendi ya Muheza wanajuana. Na huyu naye kaajiriwa kwa simu tu, hamjui mtu. Kaambiwa nenda Tanga chukua mzigo, utapewa laki tatu, toa hamsini yako, inayobaki tuma namba hii, mzigo peleka Segera kuna Probox nyeupe inasubiri. Kafanya alivyoambiwa. Machungwa hakuna, mdogo mtu hakuna, simu ilizimwa chaji uongo mtupu. Namba aliyotumia hela imesajiliwa kwa jina la mama mmoja na nina hakika mama wa watu hana habari. Hebu kila mtu apige *106# aone kitambulisho chake kimesajili laini ngapi, usije ukawa wewe ndo mwenye laini ya mwizi. RB ya polisi ninayo, na ile meseji nimeshaituma 15040 kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba yake.

Watu wananiuliza dalili zilikuwepo? Sasa hivi naziona zote wallahi. Hakuomba punguzo. Muuza spea gani hapa Tanga ameshawahi kukutana na fundi asiyeomba punguzo? Fundi wa kweli anakulilia mpaka unajiona wewe ndo unamdhulumu. Pili hakuuliza garantii. Giaboksi ya mtumba mtu makini anataka kuonyeshwa oili, ikiwa nyeusi inanuka kuungua anaondoka, anataka mkubaliane akifunga isipoingiza gia anarudisha lini. Huyu alitaka namba na picha tu, na namba hizo mtu yeyote anazipata mtandaoni. Na ile ya kuzidisha hela halafu anataka chenji mkononi, hapo jamani hata awe imamu wa msikiti, mwambie asubiri. Bonyeza menyu ya mtandao wako mwenyewe uangalie salio, *150*00# au ya kwako iwayo, kwa kidole chako, mkono una oili ufute kwanza. Dogo asikusomee. Skrinishoti ya benki nayo isikudanganye, hiyo mtoto wa shule anatengeneza.

Jirani yangu muuza altaneta naye kanipa yake, hakuwahi kuisema kwa aibu. Yeye aliuza kontrol boksi nzima, mteja kalipa kweli, baada ya siku kadhaa kairudisha anadai kimeo, karudishiwa hela. Kuja kuifunga, sio ile! Kaletewa iliyokufa ya gari nyingine, nzima imebaki kwa mteja. Sasa hivi kila kitu anachouza anakipaka rangi ya kucha ya mkewe sehemu ya ndani asiyoiona mtu.

Lakini dalili dalili mpaka lini, kwani kazi ya kujihadhari ni yetu sisi tu? Huyu mtu kuna watu wanamjua. Ana mama, ana mke, kuna mtu kakaa naye mezani sa hivi anakula chapati za hela ya kikoba cha akina mama wa Tanga. Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, ashikwe apelekwe gereza la Maweni, na akitoka hapo apelekwe shambani akakate mkonge bila glavu, miiba imchome kwenye vile vidole alivyoandikia Imethibitishwa. Na kama serikali itachelewa mie sichelewi, wazee wa albadiri Tanga hawajaisha na shemeji ameshauliza bei ya ubani. Waja leo waondoka leo tunawaambia wageni kwa mapenzi, huyu yeye hata kuja hakuja, vitu vyangu ndo vimeondoka.

Namba zake zote mbili ninazo, anayezitaka aje inbox. Na nyie wa Segera, Mombo, Same, Moshi na vijana wa Shauri Moyo Dar, mkiletewa giaboksi ya IST iliyofungwa gunia la sukari na mpira mwekundu wa tyubu ya baiskeli, hiyo ni yangu. Taa ya kulia kikucha cha juu kimevunjika nikakiunga kwa gundi nyeusi, kontrol boksi ina mkwaruzo wa bisibisi pembeni ya stika. Msinunue, mzuieni aliyeleta, nipigieni saa yoyote hata saa nane usiku, nauli ya kuja nitakopa.