Kidole jichoni kwenye MMA (mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja): onyo au kukatwa pointi?

Onyo hulinda pambano lisiamuliwe na ajali. Tatizo ni kwamba halimgharimu mkosaji chochote. Mwenye mikono mirefu hunyoosha vidole ili mpinzani asisogee, anaonywa, anaendelea, na mwenzake anamaliza pambano na jicho moja.

Kukata pointi kunauma. Raundi kwa kawaida huenda 10-9, yaani mshindi wake 10 na mwenzake 9, hivyo katika raundi tatu aliyekuwa ashinde 29-28 anaishia sare ya 28-28. Ndiyo maana waamuzi husita. Hata hivyo tunaiona njia bora, mradi mwamuzi aadhibu kitendo badala ya kupima maumivu: vidole vilinyooka kuelekea usoni na vikagusa jicho? Pointi iondoke, hata aliyeguswa akibaki imara. Hapo anayeigiza haongezewi kitu.

Kanuni hiyo inafaa kwa makosa mengine pia: Machi 2021, kwenye UFC 259 (usiku wa mapambano wa kampuni ya MMA ya UFC), Petr Yan alimpiga Aljamain Sterling goti la kichwa Sterling akiwa amepiga magoti, Yan akatolewa pambanoni kwa kuvunja kanuni na mkanda wa ubingwa ukaenda kwa Sterling. Wengi walidai Sterling aliigiza. Goti lilikuwa haramu vyovyote vile.

Kwa pigo la kinena, ambapo aliyepigwa ana hadi dakika 5, mwamuzi asimamishe saa kwanza, amtenge mkosaji, ndipo amsogelee aliyeumia.