Kozi ya maafa siku tano hapa Mtwara mjini, nimejilipia mwenyewe, nawaelezea ilivyokuwa

Habari zenu ndugu zangu wa Kusini. Watu wananipigia simu kuniuliza ile kozi ya kukabiliana na maafa niliyosoma juzi inafaa au ni kula hela tu, nimeona niandike mara moja wote msome. Mi ni mtendaji wa kijiji, kijiji chetu kipo pwani, laki na nusu nimetoa mfukoni mwangu na nauli juu yangu. Jina la waliotoa kozi sitaji kwasababu kuna mambo nayalalamikia na wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana.

Kilichonipeleka ni swali moja. Aprili 2019 tulivyotangaziwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakaja nyumbani kwangu usiku, kina mama na watoto mgongoni, wananiuliza mtendaji twende wapi, nikawaambia nendeni shuleni. Kimbunga kikaenda kupiga Cabo Delgado kwa wenzetu wa Msumbiji, sisi tukapona. Ila lile jibu langu la nendeni shuleni halikunitoka kichwani, mana nililisema bila kujua shule yenyewe inabeba watu wangapi. Halafu Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, kuna waliozunguka mpaka Songea ndo wafike, hapo nikasema sasa basi, hii kitu lazima niisome.

Siku ya kwanza wamenikera, niseme ukweli. Ratiba imeandikwa saa mbili na nusu asubuhi, tumeanza saa tano kasoro tunamsubiri mgeni rasmi. Slaidi zote za kiingereza, darasani kuna wenyeviti wa vijiji, kuna wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, kuna mama mmoja ana duka la dawa, sasa unamsomea mzee wa BMU kiingereza ili iweje? Mkufunzi alikuwa anatafsiri kwa mdomo na anatafsiri vizuri tu, kwahiyo uwezo wa kuandaa kwa kiswahili wanao. Na wanaotegemea posho wajue kabisa hakuna, chai ipo, wali samaki mchana upo, basi.

Cha maana cha siku ya kwanza na ya pili ni viwili. Kwanza sheria, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, sio kitu cha kusubiri mkoa. Pili ni taarifa za TMA, yani mamlaka ya hali ya hewa. Jamani sisi huku kila tangazo tukilipata tunalisoma kwenye spika ya msikiti kwa sauti ileile moja, hatari hatari, kumbe ngazi zipo na rangi zake: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ndo nyekundu. Ukitangaza njano kama nyekundu mara tatu na mvua haijanyesha, ya nne ikija nyekundu kweli mvuvi anakuangalia tu anaendelea kusuka nyavu zake. Hilo limenigusa mana limeshatokea kwetu.

Siku ya tatu ndo nilipopata jibu la swali langu na halikuwa jibu zuri. Mkufunzi katupa viwango vya Sphere, vile mashirika ya misaada wanavyotumia dunia nzima: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo tundu moja watu 20, nafasi ya kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu. Akasema kila mtu apige hesabu ya kwake. Nikachukua watu 600, ndo wale wa vitongoji viwili vya chini karibu na maji. Darasa la shule yetu ni mita 7 kwa 9, yani 63, ukigawa kwa 3.5 ni watu 18. Madarasa tunayo 9. Watu 162. Nikarudia hesabu kwenye simu nikijua nimekosea, 162 tena. Maji ni lita 9,000 kwa siku, simtanki la shule ni la lita 5,000 na halijai. Matundu yanatakiwa 30, yapo 8. Nilikaa na ile karatasi chai nzima sikuinuka. Yani 2019 kama kile kimbunga kingepinda kidogo tu kuja huku, watu zaidi ya 400 niliowaelekeza mimi wangekuwa wamesimama nje kwenye upepo na watoto.

Kwa hiyo karatasi peke yake laki na nusu yangu imerudi.

Siku ya nne kuchambua majeruhi, wenyewe wanaita triaji, kwa njia ya START iliyotoka California. Wametupa mkononi vitambaa vya rangi vya kuwafunga majeruhi, nyekundu ya anayetangulia kutibiwa, njano ya anayeweza kusubiri, kijani ya aliyeumia kidogo, nyeusi ya aliyekufa, vipande vya kitenge tu walivyochana wenyewe, nje chini ya mwembe wamelaza wenzetu kumi na mbili wanajifanya wameumia kwenye ajali ya basi. Unaanza kwa kupaza sauti, anayeweza kutembea aje huku, hao ni kijani. Halafu unaenda kwa waliobaki mmojammoja, na hapo wengi tulikosea, kuna kijana analia anapiga kelele mguu mguu, wote tukamkimbilia yeye. Mkufunzi akatusimamisha, anayelia anapumua, nendeni kwa aliyenyamaza. Mimi nikaenda kwa dada mmoja kalala chali kimya, nikaweka sikio, hapumui, nikamfunga kitambaa cheusi nikanyanyuka. Mkufunzi akaja taratibu, akainama, akainua kidevu cha yule dada kichwa kikarudi nyuma, dada akaanza kupumua kama walivyokubaliana. Akaniambia kaka huyu alikuwa mzima, ulimi tu ulikuwa umeziba njia. Kumbe kabla ya kitambaa cheusi lazima ufungue njia ya hewa kwanza, akianza kupumua ni nyekundu huyo anatangulia. Mikono ilinitetemeka wakati nafungua kile kitambaa cheusi, na ni mazoezi tu. Sitasahau mpaka naingia kaburini.

Ya mwisho ni zoezi la mezani. Ramani wamechora kwenye karatasi kubwa, wanakusanya simu zote kwenye ndoo wanakwambia mtandao umekatika, haya fanyeni kazi. Wanafundisha ule mfumo wa kuongoza tukio, kamanda mmoja, halafu utekelezaji, mipango, vifaa, fedha, na mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu saba, watano ndo vizuri. Niliwahi kuusoma kwenye kozi ya intaneti ya FEMA, lile shirika la maafa la serikali ya Marekani, kozi yenyewe inaitwa IS-100, ila kule unajibu maswali tu. Hapa baada ya dakika kumi tulikuwa na makamanda wanne na hakuna aliyekumbuka kutuma boda kupeleka taarifa mjini.

Sasa lawama yangu kubwa. Kozi iko Mtwara na bahari hawajaigusa. Mifano yao mizuri, lori la mafuta lililolipuka Msamvu Morogoro 2019, maporomoko ya tope ya Katesh 2023, nimejifunza. Ila mvuvi aliyetoka jana usiku na ngalawa, hana redio, simu haishiki, tahadhari kubwa imetoka saa nne, unampataje? Mzee wa BMU aliuliza siku ya pili, akajibiwa tutalifikia, akauliza siku ya tano, muda umeisha. Yule mzee ndo alikuwa na ya kutufundisha, angepewa hata nusu saa ya ule muda wa mgeni rasmi. Na grupu la wasap waliloahidi la kufuatilia mipango yetu, tangu tumalize hakuna aliyeandika zaidi ya heri ya Ijumaa.

Cheti ni cha kuhudhuria, usidanganyike kitakupa kazi. Anayetaka iwe taaluma yake aangalie Chuo Kikuu Ardhi Dar, na huduma ya kwanza peke yake aulizie Msalaba Mwekundu. Lakini kama wewe ni mtendaji, mwenyekiti, mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, nenda, na kabla hujalipa waulize mambo mawili, vitabu ni vya kiswahili? Na bahari ipo kwenye ratiba? Tukiuliza wengi watabadilisha.

Mimi nimeshakaa na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ghala la korosho limekubalika liwe la pili baada ya shule, msimu ukiisha linakaa tupu na Kenneth na Hidaya vilikuja Aprili na Mei. Jumamosi tunaenda na tepu kulipima.