Kompyuta moja, watumiaji wengi: uchomeke vifaa au upitie mtandao?
Njia ya kwanza ni kuchomeka skrini, kibodi na kipanya cha kila mtu moja kwa moja kwenye mashine. Ya pili ni kuifanya mashine iwe seva, kila mtu aingie kwa mtandao akitumia kompyuta yake, hata iwe kuukuu.

Kwa watu wawili watatu chumba kimoja, mimi nachagua ya kwanza. Mfumo endeshi wa Linux unaiweza bila programu ya kulipia: amri ya loginctl attach humgawia kila mmoja vifaa vyake. Kasheshe iko kwenye picha. Kwa kawaida kila mtumiaji anahitaji kadi yake ya video (ile inayotuma picha kwenye skrini), na nafasi za kadi kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, huisha upesi. Nyaya nazo haziendi mbali. Ila video inacheza bila kukwama, na hapo njia ya mtandao huhema.

Watu wakiwa wengi, au vyumba tofauti, mtandao unashinda. Lakini kwenye Windows ya kawaida, wa pili akiingia kwa mbali, wa kwanza anafungiwa skrini. Kuwahudumia wengi pamoja kunataka toleo la seva na leseni zake.

Kwa njia zote mbili, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo huelemewa mapema, hasa kila mtu akifungua kivinjari chake.