Uzoefu wangu na refraktomita ya mkono kwa mkojo wa mbwa na paka

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama anayeingia wodi ya mbwa na paka, akishapata stetoskopu, kifaa cha pili ningemwambia anunue hiki: refraktomita, inayopima ukolezi wa mkojo kwa jinsi unavyopinda mwanga. Ninayotumia ni ile ya kuchungulia kwa jicho, haina betri, na ndani ina safu tatu: mkojo wa mbwa, mkojo wa paka na protini ya damu. Kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa) ikirudi juu, yenyewe haisemi kama figo zimeharibika au mnyama amekaukiwa tu na maji. Namba ya ukolezi wa mkojo, ambapo maji matupu ni 1.000, ndiyo inayotenganisha hayo mawili.

Ila mkojo uchukuliwe kabla ya dripu. Mbwa aliyepungukiwa maji mwenye figo nzima anatarajiwa kupita 1.030, paka 1.035. Kreatinini ikiwa juu huku mkojo umekwama kati ya 1.008 na 1.012, shuku figo. Dripu ikishaanza kuingia, au akishachomwa furosemidi (dawa ya kukojoza), mkojo unakuwa mwepesi hata figo zikiwa nzuri, na swali hilo halijibiki tena. Prednisoloni, dawa ya steroidi, nayo humfanya mbwa akojoe maji matupu, kwa hiyo uliza dawa alizopewa kabla hujasoma chochote.

Kila asubuhi mimi huanza na maji yaliyokenekwa: matone mawili juu ya kioo, funika, subiri nusu dakika joto lilingane, kisha elekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mpaka wa bluu na nyeupe lazima ukae 1.000. Usipokaa hapo, zungusha skrubu ndogo ya juu mpaka ukae. Kosa la 0.002 halina maana kwenye mkojo wa 1.045, lakini kwenye 1.012 linabadilisha unachoandika kwenye faili.

Mpaka ukionekana wenye ukungu, mara nyingi ni kiputo cha hewa, tone dogo mno, au utando wa protini uliokaukia kwenye kioo. Mkojo wenye damu au usaha uzungushe kwanza kwenye sentrifuji, usome maji ya juu. Uliotoka kwenye friji uache ufikie joto la chumba.

Safu ya paka ndiyo inayosahaulika. Kwenye chombo changu, mpaka uliokaa 1.040 upande wa mbwa unasomeka karibu 1.034 upande wa paka. Hebu fikiria paka mzee aliyekonda: ukisoma upande wa mbwa unaandika kwamba figo zinakoleza vizuri, ukisoma upande wake yuko chini ya kiwango. Paka wenye afya nao huweza kupita mwisho wa kipimo. Hapo changanya mkojo na maji yaliyokenekwa nusu kwa nusu, usome, kisha zidisha mara mbili tarakimu za baada ya nukta: 1.032 inakuwa 1.064.

Namba hii pia hudanganya. Kila gramu 1 ya sukari kwa desilita ya mkojo huipandisha kwa takriban 0.004, protini takriban 0.003. Mbwa mwenye kisukari na 1.032, akiwa na gramu 2 za sukari, ukolezi wake halisi uko karibu 1.024. Upande wa pili kuna ugonjwa wa Addison, ambapo tezi za adrenali hazitoi homoni za kutosha: sodiamu imeshuka, figo zinashindwa kukoleza ingawa zenyewe hazijafa, na mbwa anayetibika anaweza kupewa jina la mgonjwa wa figo. Kalsiamu ikiwa juu sana hufanya vivyo hivyo. Pima elektrolaiti (chumvi za damu kama sodiamu) kabla ya kumkatia tamaa. Na kile kiraka cha ukolezi kwenye vijiti vya kuchovya kiache kabisa. Kwa mbwa na paka hakiaminiki.

Safu ya protini naitumia pamoja na hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu. Damu ikishazungushwa kwenye kitubu chembamba cha hematokriti, kivunje juu kidogo ya utando mweupe wa seli, dondosha plazima (maji ya damu yaliyo juu) kwenye kioo. Mbwa mzima huwa na takriban gramu 6.0 hadi 7.5 kwa desilita. Vyote viwili vikipanda, amekaukiwa. Hematokriti ikipita 60 huku protini iko kawaida au chini, na anaharisha damu ghafla, anapoteza protini kupitia utumbo na anahitaji maji haraka. Plazima nyeupe kama maziwa usiisome, mafuta hupandisha namba.

Kasoro zake: bawaba ya kifuniko ni plastiki dhaifu, maandishi ya ndani ni madogo, na ukikiosha bombani maji huingia ndani na ukungu wake hautoki. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha. Kabla hujalipa, chungulia ndani. Kisipokuwa na safu ya paka, kiache.